Desemba ya Furu

Jikoni kwa Mamkubwa, nyuma ya mlango, nimekuta kile kisanduku cha kioo kimelazwa ubavu na ndani yake wanalala vifaranga wa kuku. Mtu amewatandikia maranda na kuwawekea maji kwenye kifuniko cha ndoo. Upande mmoja una ufa, lakini gundi nyeusi ya fundi wa madirisha wa Mugumu bado imeshika kona zote, na karibu na ukingo bado kuna ule mstari mweupe wa chumvi unaoonyesha maji yalikuwa yanafika wapi. Nilichuchumaa pale na vikombe vya chai mkononi nikasahau nilikuwa navipeleka kwa nani. Mamkubwa tumemzika juzi. Wanawake bado wako uani wanamenya ndizi, wanaume wako chini ya turubai, na Ghati, binti yake aliyeolewa Musoma, ambaye mwaka ule hakuwepo hapa, alinikuta nimechuchumaa. "Boke, hilo dude lilikuwa la nini? Nataka kulitupa." Nikasema, "Samaki." Akacheka kicheko cha mtu aliyelia sana. "Samaki? Mama huyu huyu? Hata dagaa alikuwa anawatoa vichwa ndiyo ale." Akapita na ndoo yake. Ni kweli, Mamkubwa alikuwa mtu wa ng'ombe. Nimeingia chumbani, kile kile chumba changu, nimefunga mlango, na ninaandika haya huku nje wanaitana majina.

Nina miaka kumi na tisa, na najua watu wazima hucheka kijana akianza kusema "mwaka ule". Wacheke. Ulikuwa mwaka wangu wa kidato cha tatu, niliohamia hapa Nyansurura kutoka Sirari. Habari za kwetu nitaziruka, isipokuwa moja ambayo bila hiyo hakuna atakayenielewa: ulikuwa mwaka wa saro, mwaka wa tohara ya wavulana na wasichana, na mama hakutaka Desemba inikute nyumbani. Mamkubwa ni dada yake. Mama alimpigia simu akaeleza kwa kirefu, nami nilikuwa nimekaa pembeni nikasikia jibu lote kutoka upande wa pili, kwa sababu sauti ya Mamkubwa haikuhitaji simu: "Mlete." Basi. Nikaletwa na begi moja na godoro la kukunja.

Chumba alichonipa kilikuwa stoo ya mahindi, na mahindi hayakuhamishwa. Yalikuwa upande mmoja na mimi upande wa pili. Juu ya kitanda kulikuwa na ubao wenye dawa za mifugo: chupa za minyoo, dawa ya kupe ya kuoshea, sindano kubwa za plastiki, na lile bomba la kunyweshea ng'ombe dawa ambalo mdomo wake mrefu uliopinda ulinitazama kila nilipolala chali. Dirisha lilifunguka kwenye zizi. Asubuhi niliamshwa na harufu ya mbolea mbichi na sauti ya Mamkubwa akimgombeza ng'ombe kwa jina, kisha kuku, kisha redio, kisha mimi. Hakuwa na ukali wa kweli. Alikuwa ameishi peke yake muda mrefu, na nyumba aliijaza kwa sauti kama wengine wanavyoijaza kwa makochi. Jioni aliniwekea ugali wa mtama na muhogo, mweusi, mgumu, wenye joto la kuunguza vidole, pamoja na maziwa mgando kwenye kibuyu, akakaa mbele yangu kunihesabia matonge kwa macho. "Kula, Boke. Hilo ni tonge la mtoto wa paka."

Shuleni nilidumu na sauti yangu asubuhi moja tu. Msichana wa dawati la nyuma alikuwa amekalia sweta yangu, nikamwambia, "Si unipee sweta yangu," kama tunavyosema Sirari, ambako maneno yanavuka mpaka wa Kenya asubuhi na kurudi jioni bila kuulizwa na mtu. Darasa zima likapasuka. "Si unipee! Si unipee!" Mvulana mmoja mrefu akasimama juu ya kiti, akaninyooshea mkono kama askari wa uhamiaji. "Mkenya, pasipoti iko wapi?" Jina likanasa. Sasa nikifikiri, hawakuwa watu wabaya. Kiswahili chao chenyewe kilikuwa na Kikurya na Kiikoma ndani yake kama mawe kwenye mchele, nacho hawakukisikia kwa sababu kila mtu alitafuna mawe yale yale. Lakini walikuwa wengi. Nikaanza kupima kila sentensi kabla ya kuitoa, na sentensi ukiipima sana inapoa, ikishapoa hutamani tena kuitoa. Mvua za vuli zilipoanza nilikuwa nimebaki na "ndiyo", "hapana" na "shikamoo". Mapumziko nilikaa nyuma ya maabara na daftari langu la kuandikia siku, na siku zenyewe zilikuwa hazina kitu, naandika mvua, naandika nilichokula.

Madam Kabula, mwalimu wetu wa baiolojia, ndiye aliyenikuta huko nyuma ya maabara. Alikuwa mtu wa Ukerewe, mwenye mwili, mwenye kucheka peke yake akisahihisha madaftari. Alikuwa anatufundisha homoni, na alisema amechoka kuzichora ubaoni kama mito kwenye ramani. Akaagiza kisanduku cha kioo kwa fundi wa Mugumu, na aliporudi kutoka kwao alikuja na ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa. Ndani yake walikuwamo furu, samaki wadogo wa ziwani ambao ukiwaweka kiganjani mkia hautokezi sana. "Mtazameni huyu," alisema, akionyesha kwa kalamu. Dume mkubwa alikuwa na ubavu wa buluu, mkia mwekundu na mstari mweusi uliokatiza jichoni. "Huyu ndiye mwenye mji. Haya, nionyesheni dume wa pili." Tukatafuta. Waliobaki wote walikuwa rangi ya majivu. "Ni huyu hapa mnayedhani ni jike. Ana kila alicho nacho mwenzake. Lakini macho yake yanamwona mkubwa kutwa nzima, ubongo unapata habari, na ubongo unaziambia homoni zake zitulie, si wakati wake. Rangi inazimwa. Hata kuogelea kwake kunabadilika, anapita kandokando." Yule mvulana wa pasipoti akasema, "Kumbe ni Mkenya!" Darasa likacheka, na mimi nikacheka, maana usipocheka wanajua umeumia. Madam hakucheka. Shule ilipokaribia kufungwa aliniita akaniambia furu watakaa kwangu likizo nzima, kwa sababu yeye anakwenda kwao na maabara itafungwa. Nilitaka kumuuliza kwa nini mimi. Nadhani aliona swali usoni. "Wewe unatazama," alisema. "Wengine wanaangalia tu."

Kioo kilikuja nyumbani juu ya mkokoteni wa ng'ombe, kimefungwa kwa blanketi, na mimi nyuma nimekumbatia ndoo. Mamkubwa alisimama getini mikono kiunoni. "Samaki wa kufugwa," alisema. "Wanakamuliwa saa ngapi?" Lakini alinisaidia kukibeba, tukakiweka chumbani mwangu chini ya dirisha, kati ya magunia na kitanda, na kuanzia siku hiyo nilikuwa na mahali pa kuelekeza uso. Niliwasagia dagaa wakavu kwa chupa, nikawabadilishia maji kidogo kidogo kama nilivyoagizwa. Nilimjua kila mmoja. Nilimpenda zaidi jike mmoja mwenye doa la njano kwenye pezi la chini, ambaye kila nilipoleta chakula alikuwa wa kwanza kufika juu, hana adabu hata kidogo, anawapiga vikumbo wenzake. Niliwaza hivi ndivyo ningekuwa kama ningekuwa mtu mwingine.

Kisha yule yule akaacha kula. Mwanzoni nilidhani ameshiba. Siku iliyofuata alibaki nyuma ya jiwe wakati wenzake wanapigania dagaa, na iliyofuata hivyo hivyo. Chakula kikipita mbele ya pua yake alikifuata kwa macho, kisha akageuka. Mwingine akimsogelea alirudi kinyumenyume kwenye kona na kubana mdomo. Ndipo nikaona chini ya taya lake pamevimba, pamekuwa kama mfuko, na mashavu yanapanda na kushuka kama mtu anayesukutua maji. Alikonda mgongo. Nilipanda kwenye kichuguu nyuma ya zizi, ambako mtandao unashika, nikampigia Madam kwa simu ya Mamkubwa. Haikupatikana. Nikapiga tena kesho yake na keshokutwa. Nilijua atakufa, na Januari nitasimama mbele ya Madam na ndoo yenye pengo, nami nilikuwa nimeaminiwa kitu kimoja tu mwaka ule mzima.

Na mimi pia nilikuwa nimeacha kula, ingawa sikuliona hilo mpaka niliposikia likisemwa. Nilikuwa chumbani napembua mchele, Mamkubwa yuko kwenye kichuguu nyuma ya zizi, anaongea na mama kwenye simu kwa sauti yake ile. "Sikia, mdogo wangu. Mtoto hali. Mtoto hasemi. Namuuliza anaumwa wapi, ananiangalia. Kutwa yuko kwenye kona na kile kioo." Akasikiliza. "Najua ni Desemba. Najua! Unadhani mimi nimesahau Desemba? Lakini akinifia hapa baba yake nitamwambia nini, kwamba nilimficha mpaka akafa? Mgonjwa anauguzwa kwao." Akasikiliza tena. "Basi mpeleke hospitali moja kwa moja, asifike nyumbani. Wewe ndiye mama, utajua. Jumamosi nampandisha gari la Tarime." Mchele ulinimwagika mapajani. Nilijua, na mama alijua, kwamba hakuna gari linalonipeleka hospitali ya Tarime mwezi ule bila habari kufika nyumbani kabla yangu, na baada ya hapo hakuna ambaye angeniuliza mimi chochote. Jioni ile nilikaa mbele ya ugali nikiwa na sentensi nzima tayari: Mamkubwa, siumwi, naogopa tu, usinirudishe. Sentensi fupi. Nilikuwa nayo nilipoosha mikono, nilikuwa nayo nilipomega tonge, nilikuwa nayo alipoondoa sahani na kusema, "Ona, hata leo." Haikutoka. Watu wasiojua aibu wanadhani mtu mkimya hana la kusema. Mimi nilikuwa nimejaa mpaka mashavuni.

Ijumaa mchana aliingia chumbani kuchukua dawa ya kupe, akanikuta nimebandika paji la uso kwenye kioo. Akainama kutazama ninachotazama. "Huyu naye hali?" Nikatikisa kichwa. "Tangu lini?" Nikamwonyesha kwa mikono, muda mrefu. Mamkubwa akachuchumaa sawasawa, akatoa miwani kifuani, na nikaona uso wake ukibadilika kuwa ule wa zizini, uso wa mtu anayejua kazi yake. "Mbona hukuniambia? Tazama taya. Tazama uvimbe chini ya taya! Anajitenga na wenzake, amekonda mgongo, chakula anakitazama tu. Hii naijua, mwanangu. Hii ni minyoo ya ini. Ng'ombe akivimba hapa, maji yamejaa, ukichelewa umempoteza." Akanyoosha mkono ubaoni. "Dawa hii hapa." Na mimi nilimwamini. Ng'ombe wa kijiji kizima walikuja kwake na taya zilizovimba wakaondoka wazima, nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Alileta beseni, akalijaza maji ya kioo, akamnasa furu kwa kichujio cha chai, akamshika kwa mkono uliolowa, taratibu kabisa, kidole gumba pembeni ya mdomo, vile vile anavyomshika ndama. "Fungua, mama. Fungua kidogo. Dawa chungu lakini inasaidia." Mkono wa pili umeshika lile bomba refu lililopinda, ambalo lilikuwa refu kuliko mgonjwa mwenyewe.

Mdomo ulifunguka na kitu kikamwagika kwenye beseni. Kwanza nilidhani ni usaha. Halafu ule usaha ukawa na macho. Vidoa vyeusi, viwili viwili, vingi, na nyuma ya kila jozi mkia mwembamba kama uzi unatetemeka. "Uwiii!" Mamkubwa alipiga kelele. "Minyoo yenyewe hiyo! Boke, inatembea! Si nimesema? Si nimesema mimi?" Jike alimponyoka akaanguka ndani ya beseni, na Mamkubwa akanyakua chupa ya dawa, akafungua kifuniko kwa meno, akaiinamisha juu ya maji kuiua ile minyoo yote kwa pamoja.

"Mamkubwa, nyamaza! Wacha hiyo dawa! Ni watoto!"

Sauti iligonga bati ikarudi. Kuku walikimbia nje. Mamkubwa alibaki na chupa imeinama na kifuniko kati ya meno, ananitazama, na tone moja la dawa likaning'inia kwenye mdomo wa chupa lisidondoke. Nilimpokonya. Nilimpokonya mtu mzima kitu mkononi, mimi, na sikuishia hapo. "Kuja na ndoo! Kubwa! Nipee kanga yako!" Kiswahili cha Sirari kilinitoka chote, bila kupimwa. Naye alikuja na ndoo. Tulimwaga furu wengine wote ndani ya ndoo mbili, dume mkubwa na majike kwenye moja, yule dume wa majivu kwenye nyingine kwa sababu haikutosha, ili kioo kibaki na maji tu. Kisha nikalizamisha beseni lote ndani ya kioo, polepole, nikaliinamisha mama na watoto watoke wenyewe. Nikakifunika kwa kanga, nikaacha upenyo upande mmoja. "Sasa?" Mamkubwa alinong'ona. "Sasa tusiseme," nikasema.

Jike alikimbilia nyuma ya jiwe akabaki anapumua kwa kasi, mdomo wazi, mfuko wa taya umelegea. Watoto walikuwa wamejikusanya kwenye kona ya pili kama kiwingu cha vumbi. Baadhi walikuwa chini, hawatikisiki. Kati yao na mama kulikuwa na urefu wa mkono wangu. Mimi nilijua kitu kimoja tu, na sikukijua kutoka darasani: kwamba ukiwa umeogopa, kila anayekusogelea anazidi kukufunga, hata anayekuja kwa wema. Hakuna cha kumfanyia. Unatakiwa tu kuacha dunia itulie mpaka aamini. Mamkubwa alizima redio. Alivuta kigoda chake cha kukamulia akakaa karibu na goti langu, mikono mapajani, na mchana ule wote hakusema neno. Jirani alipiga hodi getini, akapiga tena, na Mamkubwa akatoa mkono dirishani akampungia aondoke, yeye ambaye hajawahi kumwacha mgeni apite. Mvua ndogo ilianza juu ya bati ikaisha. Niliusikia upumuaji wake, una mluzi kidogo kifuani, sikuwahi kuusikia kabla kwa sababu siku zote ulikuwa umefunikwa na maneno. Ilinijia kwamba tangu nifike ile nyumba, hiyo ndiyo mara ya kwanza nilikuwa na mtu.

Jike alitoka nyuma ya jiwe akiwa ameinamisha kichwa. Alisimama. Akasogea tena. Kile kiwingu kikatetemeka, kikanyooka, na wale watoto, ambao walikuwa hawajui lolote duniani isipokuwa shimo moja jeusi, mdomo wa mama, wakaanza kulifuata shimo hilo. Alifungua mdomo, wakaingia. Hakuwameza: aliwavuta, kundi dogo, akafunga, akasukutua, akafungua tena. Waliobaki chini hawakuinuka, akawapitia mara kadhaa kisha akawaacha. Alipomaliza, taya lilikuwa limevimba tena, ingawa si kama mwanzo, akarudi nyuma ya jiwe akageukia ukuta. Mamkubwa alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu hadi pete yake ikaniachia alama. "Kumbe alikuwa amewabeba," alisema, polepole sana. "Wiki zote hizo. Na mimi nikamshika taya." Kisha akatazama ndoo ya pili iliyokuwa mlangoni. "Boke. Na huyu umemtoa wapi?"

Ndani ya ndoo alikuwemo samaki mwenye ubavu wa buluu. Mkia ulikuwa unaanza kuwa mwekundu, na mstari mweusi umemkatiza jichoni kama mtu amemchora kwa kalamu sasa hivi. Alikuwa anazunguka katikati ya ndoo, siyo kandokando. Nilitazama ndoo nyingine: dume mkubwa yumo. "Ni yule yule," nikasema. "Yule wa majivu. Ameondolewa mbele ya yule anayemwogopa." Mamkubwa aliitazama ile ndoo kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi kwa uso ule ule wa zizini, wa mtu anayeangalia mnyama na kugundua ugonjwa sio ule aliodhani. Aliinuka, akachukua simu, akaenda kwenye kichuguu. Safari hii nilimsikia bila kutaka. "Haji Jumamosi. Nimesema haji. Mgonjwa? Mgonjwa gani ananifokea mimi kwenye nyumba yangu! Ameniambia ninyamaze, mdogo wangu, mimi, na nimenyamaza. Huyo siyo mgonjwa. Huyo anabaki hapa mpaka amalize shule, na atakayemtaka aje amchukue kwangu." Baada ya hapo alikuja akapika, na nilikula.

Januari Madam Kabula alikuja mwenyewe kuchukua furu wake, akapewa chai ya maziwa na kuku, akasimuliwa habari za dawa ya minyoo mpaka akalazimika kuweka kikombe chini. "Kosa ni langu," alisema akifuta macho. "Niliwaona wadogo bado, sikuwaza kama wangebeba. Ningekwambia, Boke: furu jike huatamia mayai mdomoni." Mamkubwa hakuwa na haraka ya kucheka. Alitaka kujua njaa inakwenda wapi. Madam akamuuliza, "Mama, ng'ombe wako akishtuliwa na mbwa wakati unakamua, anafanyaje?" "Anaficha maziwa," Mamkubwa alijibu, kama aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Maziwa yapo kwenye kiwele, lakini hayashuki?" "Hayashuki. Unamwacha atulie, unamletea ndama." "Basi ndama akigusa chuchu, habari inapanda kwenye ubongo wa ng'ombe, ubongo unaachia homoni, homoni inashusha maziwa. Akiogopa, hofu inaizuia. Samaki hana maziwa, ila kichwani mwake ana homoni ambayo ni ndugu wa hiyo ya ng'ombe wako. Nayo ina mkono kwenye mambo yake ya kukaa na wenzake, kuwasogelea au kuwakimbia, kulea. Haiko peke yake, ziko nyingi, zinavutana. Jike akishabeba, zinabadilisha amri: njaa inapunguzwa sauti, mdomo siyo wa kula tena. Angekula chakula angekula na watoto." Mamkubwa akauliza, "Na kurudi kuwachukua?" "Hapo ilikuwa bahati na utulivu. Angeshtuka zaidi angewatelekeza, au angewameza kweli." Mamkubwa akanielekeza kwa kidevu. "Basi ni huyu. Huyu ndiye aliyeinyamazisha nyumba."

Ningependa kuandika kwamba nilirudi darasani mwaka uliofuata nikiwa na ubavu wa buluu. Sikurudi hivyo. Dume wa majivu naye aliporudishwa kwenye kioo pamoja na mkubwa alizimika kabla jua halijazama, nilimtazama akizimika, na sikumlaumu. Nilimaliza kidato cha nne nikiitwa Mkenya, sikupata rafiki wa kutembeleana naye, na daftari langu la kidato cha tano na sita, shule nyingine, bado limejaa mvua na vyakula. Kilichobadilika ni kimoja. Hapa nyumbani, kila mgeni alipouliza mbona huyu binti haongei, anaumwa nini, Mamkubwa alijibu kutoka jikoni bila kugeuka: "Mwacheni huyo. Kinywa chake kina kazi." Na wageni waliniacha. Madam alipohamishwa aliondoka na furu, kioo kikiwa kimepata ufa, akamwachia Mamkubwa, ambaye hakukubali kitupwe. Alipokuwa akinipigia simu bwenini alizungumza yeye tu, mvua, ng'ombe aliyezaa, nani kafa, nami nilisema ndiyo, ndiyo, na mwishoni alikuwa ananyamaza kidogo makusudi, ananipa nafasi. Mara nyingine niliitumia. Mara nyingi tulisikilizana tunapumua, ule mluzi wake kwenye simu.

Niliacha kuandika hapo kwa sababu Ghati aligonga. Walikuwa wanahitaji mikono ya kuosha vyombo. Nilitoka nikakaa na wanawake kwenye beseni la sahani, na bibi mmoja wa upande wa pili wa barabara, ambaye sikumfahamu, alinitazama kwa muda, kisha akauliza watu juu ya kichwa changu, "Huyu binti wa Sirari mbona haongei? Anaumwa?" Mikono yangu ilisimama ndani ya maji. Nilikuwa nasubiri. Sijui nilisubiri kwa muda gani kabla ya kutambua nilikuwa nasubiri nini, na kwamba jikoni hakuna mtu. Wanawake wote walikuwa wananiangalia. Ghati alikuwa anatokea kwenye mlango wa jikoni, vifaranga amewahamishia kwenye tenga, kile kioo amekikumbatia kifuani anaelekea nacho shimo la taka.

"Shikamoo, bibi. Siumwi," nikasema. "Ghati, weka hiyo chini."

Alikiweka. Nilifuta mikono kwenye kanga, nikavuta kigoda cha kukamulia kilichokuwa ukutani, nikakaa. "Kuja karibu," nikamwambia, "nikuonyeshe maji yalikuwa yanafika wapi." Hakuna aliyecheka. Walisogea, yule bibi naye, na mmoja wao akapunguza redio.